Samaki Wawili Sebuleni kwa Baba Mkwe

Mume wangu alishuka kwenye basi la Mbeya wakati wa Pasaka akiwa amekumbatia tangi la kioo lililoviringishwa kwenye blanketi. Mfuko wa kushoto wa koti una chupa mbili za maji ya kunywa, na ndani ya kila chupa kuna samaki mmoja. Hakuleta sukari, hakuleta sabuni, hakuleta viatu vya shule vya mtoto. Kaleta samaki. Mmoja mwekundu, mmoja wa buluu, mapezi yanaburuza kama gauni la bibi harusi.

Wanaitwa beta, akasema. Watu wa Dar wanawafuga majumbani.

Sisi tunakaa Mwaya. Ziwa liko pale. Samaki tunawala. Nilimwambia hivyo, naye akacheka tu, akaweka tangi juu ya meza ya sebuleni kwa baba yake, akajaza maji, akawamwaga wote wawili humo. Hajavua hata viatu, wameshaanza kung'atana. Yule mwekundu alitanua mashavu akawa na uso mkubwa kuliko mwili. Nilichukua bakuli nikawatenganisha, na tayari kipande cha mkia kilikuwa kinaelea.

Mume wangu anasema niwaache, watazoeana. Madume wawili wa beta hawazoeani mpaka mmoja afe. Hilo nililisoma mwenyewe kwenye simu, kwa bando langu, wakati yeye ameshalala.

Asubuhi ya kuondoka, binti yetu akalia kama anavyolia kila mara baba yake anaporudi Dar kuendesha bajaji yake. Mwanaume akachuchumaa mbele yake. "Watunze hawa wawili," akamwambia. "Krismasi nikiwakuta wote wazima, nakuchukua wewe na mama yako, tunahamia Dar wote."

Mtoto akanyamaza palepale. Mimi nikaanza kuchemka. Kafunga ahadi ya familia nzima kwenye shingo za samaki wawili wanaotaka kuuana, kapanda basi, kaniachia mimi.

Kuanzia siku hiyo binti yangu akawa haamki bila kukimbilia tangi. Anarudi kwa mbio chumbani kwetu uani, ananiambia wako wazima, ndipo ananawa uso.

Sasa kwa nini usiweke mmoja kwenye ndoo? Jirani yangu aliniuliza hivyo kana kwamba mimi sina akili. Nilimweka kwenye ndoo. Kuku akaja kunywa maji. Nilimkuta amesimama ukingoni, shingo imeingia ndani, na yule wa buluu amejibana chini kabisa. Chumba chetu ni kidogo, mlango haufungi vizuri, kuku wanaingia watakavyo. Mahali salama palikuwa palepale sebuleni, kwenye tangi, na ukuta katikati.

Na sebuleni ndiko nisikoweza kuingia mzee akiwepo.

Kwetu Unyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Wengi wameacha, siku hizi unawakuta Kyela mjini wanakula meza moja. Baba mkwe wangu hajaacha. Nikimwona njiani naingia kwenye migomba, nachuchumaa, nafunika kichwa kwa kitenge mpaka apite. Jina lake silitamki. Nimeolewa kwake tangu nilipomaliza kidato cha nne, ukinionyesha picha yake katikati ya wazee wengine sitamjua. Nakijua kikohozi chake. Akikohoa mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Mama mkwe alipokuwa hai alikuwa anatupitishia maneno. Alipofariki, kazi hiyo ikamwangukia binti yangu, anapeleka chakula, anarudisha sahani na salamu. Babu yake humwita "mke wangu", ule utani wa babu na mjukuu, naye humjibu kwamba hataki mume asiye na meno.

Kwa hiyo kizuizi cha tangi ilibidi nikitengeneze kwa kuvizia, mzee akiwa shambani kwenye mpunga.

Cha kwanza nilitumia chandarua. Huku ziwani nani hana chandarua kinachochujia usipa, dagaa wa ziwa letu? Nilikata kile nilichopewa kliniki nikiwa na mimba, nilishakifua mara nyingi, nikajiambia dawa imekwisha. Nikakikaza kwenye fremu ya fito za mwanzi, nikakisimamisha katikati, mwekundu huku, wa buluu kule. Kilikaa vizuri hasa. Nikaenda kuanika kakao yangu nikiwa nimejisifu.

Mchana mtoto akaja mbio. "Mama, wamelala."

"Wamelalaje?"

Akalaza kiganja chake ubavu.

Dawa. Dawa inayoua mbu haijui kama huyu ni mbu au ni samaki. Nilikimbia nikafika ukutani kwa nje, nikamsikia mzee ndani. Anakula. Kijiko kinagonga sahani. Nikasimama pale chini ya dirisha, natoa maelekezo kwa mtoto kama redio: chota bakuli, hapana, lile la buluu, maji safi, mshike polepole. Na mtoto anajibu kwa kilio kwamba wanateleza, hafiki, tangi ni refu.

Kijiko kikanyamaza. Nikasikia kiti kikisogezwa, halafu mlango wa mbele. Mzee katoka na sahani yake mkononi, akaenda kumalizia wali kwenye mikakao, mgongo ameugeuzia nyumba.

Niliingia nikawatoa. Walikaa kwenye mabakuli wanatweta, midomo juu. Tangi nilisugua kwa chumvi na maji mengi hadi kiuno kikauma. Mtoto hakula jioni ile. Wa buluu alianza kuogelea kesho yake. Mwekundu alichelewa sana. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia binti yangu ndipo akameza kiluwiluwi nilichomdondoshea.

Kizuizi cha pili nilikifuata Kyela mjini kwa bodaboda. Duka la vifaa vya shule, jalada gumu la plastiki inayoonyesha, na vile vijiti vya plastiki vyenye mfereji vya kubania makaratasi pembeni. Vijiti unavipachika kwenye kioo, jalada linapita katikati yake kama dirisha la kusukuma. Nikalitoboa kwa msumari wa moto ili maji yapite. Kilipendeza. Ukikitazama unadhani kimenunuliwa.

Samaki wakaona kila kitu. Kuanzia asubuhi mpaka giza wamesimama pua kwa pua, mashavu yametanuka, wanagonga plastiki. Hawali. Mapezi yakaanza kuchanika yenyewe. Kisha yule mwekundu, kichaa yule, akaruka juu ya kizuizi, maana nilikikata sawa na maji. Mzee ndiye aliyemwona. Nilimsikia anamwita mjukuu wake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na mtoto akamrudisha upande wake kwa kikombe cha chai.

Baadaye mtoto akaja uani, kasimama wima kama anavyosimama akiwa na ujumbe.

"Babu anasema, mwambie mama yako, shida yao siyo kugusana. Shida yao ni kuonana."

Nilikuwa nachambua mchele. Nikacheka peke yangu, cheko la hasira, mpaka mtoto akaniuliza nacheka nini. Ningemjibu nini? Mwaya nzima, nani mwingine angelijua hilo kuliko mimi na mzee yule?

Basi nikachukua tenga la plastiki la nguo lililopasuka, nikalikata vipande viwili vyenye matundu madogo. Nikavibandika kimoja juu ya kingine, nikakisogeza cha juu kidogo ili tundu la huku likutane na ukuta wa kule. Maji yanapita, jicho halipiti. Nikavishona pamoja kwa nailoni ya mishipi. Nikakiacha kirefu kupita maji, na juu yake kifuniko. Gundi sikuigusa. Dawa ilishanifundisha.

Tatizo likawa kukisimamisha. Plastiki ya tenga imepinda, ukiiachia inajikunja, na vile vijiti vinachomoka. Anahitajika mtu wa kuishika wima upande mmoja wakati mwingine anaikandamiza chini kwa kokoto. Mikono ya binti yangu inaishia nusu ya tangi. Nilijaribu peke yangu, ikaanguka. Nikajaribu tena, ikaanguka, na yule wa buluu akapenya pembeni, nikamdaka kwa chujio la chai. Nilitukana. Nilimtukana mume wangu, na Dar es Salaam, na bajaji yake.

Nikasikia kikohozi mlango wa mbele. Nikaanza kukusanya vitu vyangu nitoke.

"Mke wangu," sauti ya mzee ikasema nje ya mlango, "chukua kitenge cha mama yako, ukitundike katikati ya meza."

Binti yangu akanitazama. Nikavua kitenge cha begani nikampa. Akapanda kiti, kisha meza, akakifunga kwenye misumari ya dari ile ya kutundikia chandarua, kikashuka mpaka ukingo wa tangi, sawasawa na mstari wa kizuizi changu. Mimi upande huu. Nikasikia hatua upande ule, na kiti kikivutwa.

Mkono ukaingia majini. Mkubwa, umekauka, kucha zina udongo wa jaruba la mpunga. Ulishika plastiki ukaikaza kwenye kioo. Nilikuwa namwaga kokoto na kuzikandamiza kwa ngumi, naye anashika. Nikihamia kona nyingine, mkono wake unanifuata kule. Hatukusemeshana. Mtoto ndiye aliyekuwa anasema: babu, chini kidogo; mama, bado hapa. Sijui kama mila inaruhusu jambo lile. Sikuuliza, naye hakuuliza.

Kilipokazika, mkono ukatoka. Nikasema kwa sauti, nikimtazama binti yangu, amwambie babu ndaga fijo, asante sana. Mtoto akasema kwani babu hajasikia? Kisha akamwambia.

Kilisimama. Mwekundu akaanza kula, mkia ukaota, wa buluu akajenga kiota cha mapovu kwenye kona yake kama mwenye kiwanja. Mpunga ukavunwa, joto likarudi, mvua za kwanza zikaanza. Nikampigia mume wangu. Simu yangu haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo nilisimama uani na nyumba nzima ikasikia.

Nikamwambia samaki wako wazima.

"Yupi?"

"Wote."

"Hata yule mwekundu?"

"Hata mwekundu."

"Aisee," akasema. "Mi nilijua..."

Hakumalizia. Hakuwa na haja ya kumalizia. Nilisimama pale na simu mkononi, nikaelewa aliniachia nini Pasaka ile. Alijua wataumana. Alitaka samaki wafanye kazi iliyoushinda mdomo wake, kusema hapana. Mambo ya nauli yakafuata, na chumba chake kidogo, na msimu mbaya wa abiria. Nikakata.

Mtoto alikuwa mlangoni. Akarudi ndani kwenye tangi.

Kesho yake babu akamtuma aazime simu yangu. Hakupigia ndani. Alikwenda kusimama barabarani, mahali wanapoegesha bodaboda, akaweka spika, akaongea Kinyakyusa kwa sauti ya mtu anayefukuza ng'ombe kwenye mpunga. Jirani yangu alikuja kunieleza mwenyewe, huku anacheka, kwamba mzee amemuuliza mwanawe kama alipomwahidi mtoto alikuwa amelewa. Na kwamba amesema atamsubiri kituoni.

Mkesha wa Krismasi basi lilichelewa. Niliwasikia wakiingia mlango wa mbele, mzee, mume wangu na mtoto anayeruka. Nami nikabaki nyuma ya pazia la mlango wa uani, maana mzee yuko ndani. Sikuuona uso wa mume wangu. Nilisikia akianza kusema ana pipi, aonyeshwe kwanza maji ya kunywa, safari ilikuwa ndefu.

"Hesabu," binti yangu akamwambia.

"Nini?"

"Samaki. Hesabu."

Nikasikia akiinama, ubao wa meza ukalia.

"Mmoja," akasema.

Babu akakohoa.

"Wawili," akasema mume wangu, na ndipo nikasikia begi likiwekwa chini.