Gari la Bi Verna, la Wazima na la Wafu

Kwa miaka arobaini, mtu pekee aliyefaidika ukifa katika mji wetu wa Harlow Fork, Nebraska, ndiye pia aliyepewa kazi ya kukuwahisha hospitali. Hakuna aliyeona ajabu. Nyumba ya mazishi ya Holtgrewe ndiyo iliyokuwa na gari ambalo mtu angeweza kulala humo amenyooka. Ukiwa hai, ulipandishiwa taa nyekundu juu ya paa. Ukishakufa, taa iliondolewa na vibendera viwili vya zambarau vikachomekwa mbele.

Verna Holtgrewe alirithi gari hilo mumewe alipofariki mwaka 1957, pamoja na duka la fanicha lililokuwa chumba cha mbele. Watu waliusifu mkono wake kwenye nyuso za marehemu. Kuhusu uendeshaji wake walinyamaza.

Asubuhi moja ya Agosti 1961, Agnes Kratochvil alipiga simu: mumewe, Emil, ameanguka ghalani, ameshika kifua. Verna alikuwa ndiyo kwanza ametoka makaburini. Alitoka mbio, taa nyekundu ikabaki mezani na vibendera vikabaki garini.

Walipokwisha kumpakia Emil, hospitali ilikuwa maili thelathini na mbili mbele yao.

"Kanyaga, Verna," alisema Agnes, ameketi nyuma kando ya machela.

"Nimekanyaga."

"Sasa mbona yule wa trekta amevua kofia?"

Ndipo Verna alipoviona vibendera. Kwetu gari la maiti likipita, kila kitu husimama. Lori la nafaka lilisimama, nusu yake barabarani. Waliokuwa nyuma waliwasha taa na kujipanga kusindikiza. Hawakujua nani amekufa, lakini hilo wangeuliza baadaye. Kisha Sherifu Dwight Amundson akachomoka njia ya pembeni, akashika nafasi yake ya kawaida mbele ya msafara, mwendo wa maili ishirini kwa saa.

Verna alipiga honi. Sherifu alitoa mkono dirishani, akaupepea taratibu: polepole, mama, hana haraka tena.

"Midomo inakuwa ya bluu," alisema Agnes.

"Mpite huyo mjinga," ilisema sauti ndogo kutoka kwenye machela.

"Nyamaza, mume wangu, usijichoshe."

"Nikinyamaza watanizika."

Katika wilaya yetu, hakuna aliyewahi kumpita sherifu kwenye mazishi. Verna alikamata usukani kwa mikono miwili, akatoka upande wa kushoto, vumbi likapanda. Mshale wa spidi ukaanza kupanda kuelekea tisini. Walipolingana na sherifu, Agnes alivuta kando pazia la dirisha, na Emil akainua mkono kumfukuza njiani kama mtu anayefukuza kuku. Sherifu, aliyerudi na nishani kutoka vitani, aliingia na gari lake moja kwa moja kwenye shamba la mahindi.

Hospitalini manesi walimpokea Emil mlangoni. Verna, aliyezoea kuitwa baada ya daktari kumaliza, sasa alisimama kwenye korido pamoja na Agnes wakimsubiri daktari aanze. Sherifu akafika, majani ya mahindi mkandani.

"Bi Verna, umenipita kwenye mazishi."

"Marehemu ndiye aliyeagiza."

Daktari alitoka akiwa ameshusha barakoa. "Ataishi," alimwambia Agnes. Kisha akamgeukia Verna. "Dakika kumi zaidi, angekuwa mteja wako."

Verna alikaa chini, sakafuni, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu, alilia.

Nje magari kumi na moja ya waliosindikiza yalikuwa yameegeshwa kwa mpangilio, taa zinawaka. Wenye magari walishauriana, kisha jioni wakaruhusiwa kuingia wodini mmoja mmoja, wakinong'ona, mikono wameikunja mbele. Kila mmoja alimtazama Emil kwa muda unaostahili, akamshika Agnes bega, akamwambia kwamba mumewe anaonekana vizuri sana, kama amelala tu.

"Jamani, nipo," alisema Emil. "Semeni na mimi."