Koroboi na Maziwa ya Kogo Chepkosgei

Mwalimu Naliaka hakuwa mwalimu wa kweli. Alikuwa mke wa Wamalwa, fundi wa karakana ya reli hapa Nakuru, na kila Jumapili baada ya ibada alitufundisha sisi watoto wa landi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli. Mdomo alikuwa nao, na huruma alikuwa nayo zaidi. Nilimpenda kuliko shangazi zangu wote, na shangazi zangu walilijua hilo.

Mwaka wa hamsini na saba, Krismasi ikikaribia, alituamuru tuokote mikebe. Majirani wakamcheka eti anageuza watoto wa watu kuwa waokota taka. Akawajibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tulikata mikebe, Wamalwa akatuunganishia kwa lehemu, tukasokota tambi za blanketi kuukuu, tukatia mafuta ya taa. Zikawa koroboi, taa ndogo za kuwapa watu wanaokaa gizani.

“Hamna kitu, lakini mikono mnayo,” alituambia. Kisha akaweka sheria: “Ukitoa sadaka, usipokee chochote. Hata ndizi! Ukipokea, hiyo ni biashara.”

Mimi na Cherono tulitumwa kwa Chepkosgei, mjane kutoka Molo aliyeishi peke yake nyuma ya landi na ng'ombe mmoja. Cherono alimwita Kogo, yaani bibi kwa lugha yao, nasi sote tukamwita hivyo. Aliipokea koroboi kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akacheka mpaka tukaona mapengo. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala na mkaa, akatumiminia kikombe.

Cherono, mwanafunzi mtiifu kuliko wote, akarudi nyuma. “Hapana, Kogo. Mwalimu amesema tusichukue kitu kwako.”

Kicheko kikamkauka. Akamrudishia Cherono koroboi. “Peleka kwa mwalimu yenu. Mimi hapana ombaomba. Nani anakuja nyumba ya mtu, anakataa maziwa?”

Tulirudi tukilia. Mwalimu Naliaka aliposikia, alijishika kichwa. “Mungu wangu, nimemtukana mama wa watu!”

Kwao Bungoma, jirani akikuletea kunde kwa bakuli, bakuli halirudi tupu, na chakula cha mwenye nyumba hakikataliwi. Hilo alilijua tangu utotoni. Lakini siku ya kutunga sheria alikuwa amevaa ualimu, akasahau utu.

Hakungoja. Alitukusanya sote, tukaandamana hadi kwa Kogo. Alikuwa ameketi mlangoni, wala hakutuinulia macho. Nilimwonea Mwalimu huruma alipopiga magoti vumbini na gauni lake la kanisani.

“Mama, kosa ni langu, si la watoto. Niliwafundisha vibaya. Tumekuja kunywa maziwa, kama bado utatupa.”

Kogo akainua macho, akatutazama mmoja mmoja. “Hii watoto yote?”

“Wote, mama. Na mimi pia.”

Kikombe kikazunguka, kila mtu funda lake, Mwalimu akiwa wa kwanza. Maziwa ya mkaa hakuwa ameyazoea. Nilimwona akifumba macho. Lakini alimeza, akaomba tena. Tulikunywa mpaka kibuyu kikaisha, ndipo Kogo akamgeukia Cherono.

“Sasa, wapi taa yangu?”

Cherono akampa, naye akaiwasha papo hapo, jua likiwa kali.