Mgeni wa Kituo cha Mwezini

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani mwenye pini mdomoni na neno juu ya kila mtu. Mikono inashona, masikio yanataka riwaya. Msomaji ni mimi: nafungua vile vitabu vya zamani vya safari za anga, vya lugha ya kigeni, namtafsiria papo hapo. Mhusika akitokea tu, wifi keshampima. "Huyu mwoga atakuja kuwa shujaa. Huyu mwenye majivuno, ngoja, atalia." Hakosei. Watu wa vitabuni anawasamehe wote. Wa nyumbani, thubutu!

Maana mama yetu alihamia kwa kaka na wifi baada ya baba kufariki, na wifi alishamwambia kaka: Jumamosi mama arudi kwake. Kwenye nyumba tupu ile! Niliumia, lakini ningesema nini? Nyumba si yangu. Basi nikachagua kitabu kwa hila.

Kilikuwa cha nahodha wa kituo cha mwezini, mtu asiyetaka hata kuwasikia viumbe wa sayari nyingine. Siku moja kiumbe anabisha hodi, chombo chake kimeharibika. Nikamwita "mgeni", sikuwa na neno jingine.

"Kakaa muda gani?" wifi akauliza.

"Miezi."

Cherehani ikanyamaza. "Miezi! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo nahodha hana jembe?"

"Mwezini, wifi? Alime nini?"

"Si ampe hata ufagio! Anamkalisha kama sanamu, halafu analalamika kamchoka. Kosa ni lake nahodha. Ndiyo maana mpaka sasa habadiliki, zuzu yule!"

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama alikuwa amesikia kila neno.

"Mwanangu," akamwambia wifi, "mimi niliomba hata sindano. Ukaniambia, mama, pumzika."

Lahaula! Nikajificha nyuma ya kitabu, nacheka kwa woga. Wifi akatoa pini mdomoni, moja moja, uso umemshuka. Kisha akamsogezea mama rundo la sare za shule.

"Haya, mama. Nifumulie mapindo."

Mama akavaa miwani, akageuza sketi ya kwanza. "Mshono umeenda upogo huu. Nani kashona?"

"Mimi, mama."

"Basi naufumua nao."

Wifi akanigeukia, macho yamemtoka. "Mwambie kaka yako, Jumamosi mama haendi popote mpaka arudishie kila alichofumua!"

Mama, mjanja yule, akavuta sketi ya pili.