Bati la Picha Mbili

Tharsisi alikuwa mchora vibao. Mjini Kasulu, ungetafuta sana kabla ya kuona duka au kibanda cha fundi baiskeli kisichopitiwa na brashi yake. Siku moja, akipaka rangi bati la migongo, aligundua jambo. Ukichora picha moja kwenye miteremko yote inayotazama kushoto, na nyingine kwenye ile inayotazama kulia, anayetokea huku ataona hii, anayetokea kule ataona ile. Akisimama katikati, zote zinavurugika.

Mwaka wa sabini na nne Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini iliwatoa watu wa Kitanga, kwao Tharsisi, migombani mwao, ikawapanga kando ya barabara. Theodosia, mama yake Tharsisi, alinyeshewa mvua za kwanza ndani ya kibanda cha nyasi. Kifua kikambana, akafa kabla mahindi hayajatoa mbelewele.

Mwaka uliofuata Felisiani, mwenyekiti wa kijiji kipya, alimletea Tharsisi bati la migongo.

"Ndugu yangu, wageni wa wilaya wanakuja. Tuchoree kijiji chetu, nyumba zimenyooka kama uzi."

Kuitana ndugu hakukuwa kwa mdomo tu. Felisiani alifiwa na mama yake angali mchanga. Theodosia ndiye aliyemlea, wakila chungu kimoja yeye na Tharsisi.

Kwenye miteremko ya kushoto, Tharsisi alichora nyumba zilizonyooka. Kulia, bila kutumwa na mtu, akachora migomba ya zamani, na Theodosia mlangoni akipepeta maharage. Hakutafuta ugomvi na serikali. Alitaka tu kumwona mama yake.

Bati likapigiliwa ukutani mwa ofisi. Wanawake ndio waliong'amua kwanza. Wakitoka kisimani walizunguka makusudi ili waje kwa kulia, wakatua mitungi, wakatazama.

Wageni walitokea kushoto, wakasifu. Walipokuwa wakirudi kwenye gari walipita kulia, na nyumba zikageuka migomba mbele ya macho yao. Mkubwa wao akasimama, akarudi hatua mbili, akaenda tena mbele.

"Huyu mama ni nani?"

Felisiani akajibu, "Simjui, mzee. Ni mambo ya mchoraji."

Tharsisi alikuwa palepale, karibu kabisa. Ulimi ukamganda.

Kesho yake Felisiani alikuja na kopo la rangi nyeupe. "Futa mwenyewe. La sivyo tutaozea ndani sote wawili."

"Alikubeba mgongoni, Felisiani."

"Najua alinibeba. Futa."

Akafuta, mteremko baada ya mteremko, akianzia migombani. Ulipobaki uso peke yake, akaomba apumzike kidogo. Felisiani akamnyang'anya brashi, akaumalizia.

Mwaka huohuo Felisiani alipandishwa cheo, akahamia wilayani. Tharsisi akaenda Kibondo na mkewe Immakulata, akawa anaandika namba za baiskeli tu. Aliyemwomba picha aliambiwa mkono umekufa.

"Felisiani alisema hamjui mama," alimwambia mkewe siku moja. "Mimi nilimjua, nikanyamaza. Nani mbaya zaidi?"

Immakulata alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakizunguka ofisi na mitungi yao. "Nasi tulimjua, tukatazama tu," alisema, akajitwika mtungi wake.