Bolti ya Bembea

Wiki hii, kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Lodwar, mama mmoja Msudani wa Kusini aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliweka mbele ya muuzaji bolti iliyoliwa na kutu.

"Ejok, mama," muuzaji akamsalimu kwa Kiturkana. "Hii ni ya nini?"

"Ya bembea ya mbao, iko uani. Mbao nimepiga msasa, kamba nimebadilisha, miguu nimepaka oili chafu mchwa wasikule. Imebaki hii tu."

"Watoto ni wangapi?"

"Wawili. Baba yao alienda nao Juba, nchi yetu ilipopata uhuru, 2011."

Muuzaji akaacha kupekua sanduku. "Sasa nani anabembea?"

"Hakuna. Lakini siku watarudi, wasianguke."

"Wana uzito gani, nijue saizi?"

Mama akainua mikono kama anayempakata mtoto, akaitazama, kisha akaishusha polepole. "Sijui tena."

Muuzaji akachagua bolti nene, ya kubeba mtu mzima. "Ikaze vizuri, halafu kalia bembea wewe kwanza."

Wengi wetu tukisema tunawangoja watu wetu, tunamaanisha tunatazama simu. Mama yule aliuliza gari la Kakuma linaondoka saa ngapi, maana alitaka kuifunga ile bolti kabla giza halijaingia.