Ekzosi ya Ndalahwa

Ndalahwa alikuwa fundi wa kuchomelea pale Bariadi, mtu mpole mwenye udhaifu mmoja: alipenda vitu ving'ae. Ile miaka wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye pamba, pikipiki ziliongezeka mjini, naye akajiundia ya kwake kwa fremu ya moja na injini ya nyingine. Ilikwenda vizuri. Ila ekzosi yake, lile bomba la kutolea moshi, ilikuwa ya chuma cha kawaida na ilishaliwa na kutu. Mkewe, Nyanjige, alisema ukiipanda unarudi na masizi mguuni kama mtu aliyelala jikoni.

Basi akasafiri mpaka Mwanza kutafuta bomba la stenlesi, kile chuma cheupe kisichoshika kutu. Alibeba sumaku iliyofungwa uzi, kwa kuwa aliambiwa stenlesi nzuri hainaswi na sumaku. Akawa anaining'iniza juu ya kila bomba kwenye rundo la Generoza, mama aliyeuza vyuma chakavu.

"Kaka, unanunua bomba au unavua samaki?" Generoza akamuuliza.

"Naangalia kama ni lenyewe."

"Hilo limetoka kwenye mtambo wa maziwa. Angalia, lakini usilitishe."

Akarudi na bomba hilo, pamoja na bolti na vibano vya stenlesi alivyovichagua kimoja kimoja, maana bolti moja yenye kutu, alisema, ingemwaibisha. Akakata, akachomelea kufuata mkunjo wa injini, akasawazisha maungio kwa tupa. Ndipo ukaja msasa: ule wa kukwaruza, kisha laini, kisha laini zaidi wa kulowesha maji, na mwisho kitambaa na dawa ya kung'arishia. Nyanjige ikabidi ampelekee chakula karakana.

"Baba Elina," alimwambia, "tangu unioe hujanishika kwa upole namna hiyo."

Ilipokwisha, kina mama wa jirani walikuwa wakisimama mbele ya bomba hilo, kama kwenye kioo, kuweka sawa vilemba. Jumapili baada ya misa akampakia mkewe kwenda Kimali, kwa baba mkwe wake, Mzee Salu, mfugaji ambaye hakuwahi kumsifia kitu tangu apokee ng'ombe wa mahari.

Walipofika, Ndalahwa akashuka, akatazama, akachuchumaa. Karibu na injini bomba lilikuwa limegeuka manjano, kisha kahawia, kisha bluu.

"Nimeuziwa feki," alisema.

"Salimia watu kwanza," Nyanjige akamnong'oneza.

Mzee Salu alikuwa ameshasogea. "Mwadila," alisalimu, na mkwewe akaitikia huku anasugua kwa pindo la shati. "Kuna nini?"

"Imebadilika rangi, baba. Ni joto la injini."

"Mwanzo ilikuwaje?"

"Nyeupe yote."

"Kama sufuria," alisema mzee. Akainama, akaitazama kwa muda. "Sasa ndiyo imependeza. Shingo ya kanga kabisa."

Ndalahwa akaliachia pindo la shati. Sifa ilikuwa imekuja hatimaye, nayo imeangukia mahali pekee ambapo mkono wake haukuhusika.

Waliporudi Bariadi, Sylvester, wakala wa pamba mwenye pikipiki mpya, alimuuliza ile bluu ameiwekaje.

"Ina ufundi wake," Ndalahwa alijibu, na Nyanjige akageuka upande asionekane anacheka.

Pale penye bluu hakupagusa tena. Sehemu ya nyuma, ambako joto halifiki, aliendelea kuisugua kila Jumamosi.