Karai na Mzee wa Kuni

Nilipoanza kazi kwenye banda la kukaangia samaki, pale sokoni Bagamoyo, nilipewa kisu nipare magamba. Sikuchukia. Nilicheka na kila mtu, huku nikiliota banda langu mwenyewe, la rangi ya bluu. Ila huko hufiki kabla hujakabidhiwa karai, na mwenye banda, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, hakumkabidhi mtu hivi hivi.

Asubuhi aliyoniambia nijaribu, mzee anayetuletea kuni kutoka Fukayosi akaanza kuniandama. Siku zote tulikuwa shikamoo, marahaba, basi. Siku hiyo aliitika huku akimtazama mama. Nikaingiwa na shaka. Akakaa juu ya mzigo wake wa kuni, akawaambia wateja mikono yangu ni ya kubembelezea watoto, si ya kazi.

"Na vibua vyenu msiviombee chumvi," akasema. "Huyu machozi yake yatatosha."

Watu wakacheka. Mama anasikia, anaendelea kuhesabu chenji. Nikakumbuka juzi nilimkuta yeye na mzee wananong'ona nyuma ya banda, na nilipopita wakanyamaza. Nikajua tu: wananifukuza, nafasi ameshatafutiwa mjukuu wa mzee, yule binti anayekuja naye kushusha kuni.

Na kweli, machozi yangu yako karibu kama kicheko changu. Yalipokuja, nikawa siyaoni vizuri mafuta. Nikaweka upawa chini, nikavuta kuni moto upungue, nikageukia ukutani nikajifuta kwa kanga. Kisha nikarudi kugeuza vibua, kimoja kimoja.

"Babu, uniseme utakavyo," nikamwambia, "ila sogea nyuma kidogo, mafuta yanaruka."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mama akamwambia, "Mtani wangu, yatosha."

Kumbe ni watani wale, na mama humtuma kila anapotaka kumpima mtu, maana mtani hanuniwi. Mama akanieleza kwamba aliyenitangulia alikuwa na mkono hodari kuliko wangu, lakini mteja alimchokoza, akatupia samaki karaini kwa hasira, mafuta yakamrukia mwenyewe.

"Kulia si neno," akasema. "Nilitaka kuona ukilia unafanya nini."

Karai likawa langu. Kesho yake mzee akaniletea muhogo wa kuchoma, anatabasamu. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikashukuru sana, nikamkaribisha. Mwenyewe sikuuonja mpaka nilipomwona ameumega na kumeza.